Banda Kavu Msimu wa Baridi Nairobi

Juni ikiingia na mawingu kutanda siku nzima, wafugaji wengi hapa Nairobi huziba banda pande zote kwa gunia na nailoni. Wanawahurumia kuku, lakini hapo ndipo kukohoa huanza. Kuku mzima mwenye manyoya kamili huhimili usiku wa nyuzi 10 au 11. Kinachomdhuru ni unyevu, pamoja na amonia inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa. Amonia huchoma macho na njia ya hewa, na vijidudu vya mafua hupata pa kuingilia. Ingia bandani alfajiri, uchutame mpaka pua ifike kimo cha kuku. Macho yakikuwasha, hewa imeharibika, hata kama ukisimama husikii harufu.

Acha nafasi ya sentimita 20 hadi 30 chini ya paa, pande zote mbili ndefu, iwe na waya tu. Pazia la gunia lipigiliwe chini na kuvutwa kwenda juu: upepo usiwapige kuku walipolala, na hewa chafu itokee juu yao. Ukilipigilia juu na kuliachia lining'inie, umefanya kinyume kabisa.

Kisha maranda. Tandaza kina cha sentimita 8 hadi 10, uyageuze kwa reki mara mbili kwa wiki. Fumbata konzi moja kwa nguvu: ukifungua kiganja yakimomonyoka polepole, yako sawa, yakibaki donge, ongeza makavu. Sehemu inayolowa kwanza huwa chini ya chombo cha maji, kwa hiyo kiinue juu ya matofali hadi kimo cha mgongo wa kuku, na maranda yaliyolowa uyatoe siku hiyo hiyo. Vimelea vya koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuhara damu, hukomaa penye unyevu kwa siku moja au mbili tu, na wanaoumia zaidi ni vifaranga wa wiki tatu hadi sita.

Vifaranga ndio wanaohitaji joto hasa: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana, wanahisi baridi. Wakijitenga na taa huku midomo wazi, limezidi. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa usithubutu kuliweka. Moshi wake usioonekana huua vifaranga wote usiku mmoja, na mtu pia.

Mayai yakipungua Julai, usilaumu urefu wa siku. Ushauri wa kuwasha taa wakati wa baridi umetoka nchi ambazo jua huzama mapema; sisi tuko karibu na ikweta, mwanga wa mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima. Hapa chakula kingi huishia kutia mwili joto. Kuku wa mayai anayekula gramu 120 hadi 130 za chakula cha kutagia, mwongezee jioni gramu 10 za mahindi yaliyopondwa. Mahindi yenye ukungu usimpe hata kidogo, maana sumukuvu huharibu ini. Weka magunia ya chakula juu ya mbao, mbali na ukuta.

Januari na Februari kazi ni nyepesi: kivuli, maji baridi mara mbili au tatu kwa siku, na kukagua utitiri chini ya mbawa.

Chanjo ya Newcastle, yaani kideri, irudiwe kila miezi mitatu. Panga moja iangukie Mei na nyingine Novemba, kabla ya pilikapilika za kuku wa Krismasi. Ukiichanganya na maji ya bomba, klorini huiua. Tia kwanza kijiko kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, ungoje nusu saa, ndipo uweke chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, ili wamalize yenye chanjo ndani ya saa mbili. Chupa ya dozi 100 ikishachanganywa haiwekeki, kwa hiyo mwenye kuku 15 apatane na majirani wachanje siku moja.