Si wingi wa mabadiliko, ni mahali yalipotokea

Anuwai mpya ya virusi vya korona ikitangazwa, watu huuliza ina mabadiliko mangapi. Sisi tunaotafiti chanjo hutazama kwanza yametokea wapi.

Kirusi kinapojinakili ndani ya seli, hukosea hapa na pale katika jeni zake. Mengi ya makosa hayo hayana athari yoyote, na mengine hukiua chenyewe. Yanayotuhangaisha ni machache yanayogusa protini ya mwiba, iliyochomoza juu ya kirusi, hasa sehemu ndogo inayojishikiza kwenye seli zetu, kwani hapo ndipo kingamwili (protini za mwili zinazonasa virusi) zenye nguvu zaidi hushika.

Kingamwili ya kutengenezwa maabara, anayodungwa mgonjwa kama dawa, hushika sehemu moja tu ya mwiba. Asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, ikibadilika mahali hapo, dawa nzima inaweza kuisha nguvu. Bamlanivimabu, mojawapo ya dawa hizo, ilipata kibali cha dharura Marekani Novemba 2020. Aprili 2021 kibali cha kuitumia peke yake kikafutwa. Badiliko la E484K, katika nafasi ya 484 ya mwiba, lilikuwa miongoni mwa yaliyoiondolea nguvu. Zikatumika jozi za kingamwili zinazoshika sehemu tofauti, njia ninayoiunga mkono hadi leo. Kisha, Novemba 2021, ikatangazwa Omikroni, yenye mabadiliko zaidi ya 30 kwenye mwiba, na jozi kadhaa zikashindwa kwa mpigo. Walioumia zaidi ni wenye kinga dhaifu, ambao chanjo haiwakingi vya kutosha. Hilo linanisikitisha mno.

Chanjo haishindwi upesi hivyo. Huufundisha mwili kutengeneza kingamwili za namna nyingi, pamoja na seli T, yaani seli za kinga zinazotambua vipande vya protini vilivyotawanyika, ambavyo ni nadra kubadilika vyote kwa pamoja. Ndiyo maana Omikroni iliwaambukiza wengi waliochanjwa, ilhali kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilihimili zaidi. Hata hivyo chanjo zilihitaji kusasishwa, mwaka 2022 na tena 2023.

Linganisha na surua. Jeni za kirusi chake nazo hubadilika, lakini chanjo iliyoanza kutumika 1963 bado inakinga. Sehemu muhimu zinazoshikwa na kingamwili ndizo kirusi kinazozihitaji ili kiingie kwenye seli, hivyo kikizibadilisha kinajidhuru. Korona nayo ina sehemu zisizobadilika kirahisi, kwenye shina la mwiba, ila kingamwili zinazoshika hapo kwa kawaida huwa dhaifu. Kuzipata zenye nguvu ndiyo kazi ambayo ningependa iwekewe fedha kwanza, kabla ya anuwai nyingine kuja.