Dawa ya malale na kampuni zinazotafuta faida

Uganda ndiyo nchi pekee duniani yenye aina zote mbili za malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o: ile inayokwenda polepole, kaskazini-magharibi upande wa West Nile, na ile kali, kusini-mashariki kule Busoga. Kwa miaka mingi, mgonjwa ambaye vimelea vimeshamfika ubongoni alidungwa melarsoproli, dawa yenye arseniki. Huchoma mshipa inapoingia, na iliua takriban watu 5 kati ya kila 100 waliotibiwa nayo.

Mwaka 1990 iliidhinishwa dawa salama zaidi kwa malale ya West Nile, eflornithini, ambayo awali ilitafutwa kwa ajili ya saratani. Katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulisimama, kwa kuwa waliohitaji dawa hiyo walikuwa wakulima wasio na fedha. Mwaka 2000 kiungo kilekile kikaidhinishwa Marekani, safari hii ndani ya krimu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake! Ilibidi madaktari na Shirika la Afya Duniani wapige kelele, hadi mwaka 2001 kampuni ikakubali kuitoa bure.

Lakini faida yenyewe si adui. Kutafiti dawa ni ghali, dawa nyingi hufia njiani, na asiyetarajia kurudisha mtaji hawekezi. ARV nyingi, dawa za kufubaza VVU, zilifika sokoni kwa njia hiyo. Tatizo lilikuwa bei: zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, huku sisi tukizika watu na dawa ipo. Ushindani ndio uliovunja bei hiyo, pale Cipla, kampuni ya India inayotengeneza nakala za dawa, ilipotangaza dola 350 mwaka 2001.

Leo wagonjwa wengi wa malale wanatibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli, siku 10 tu. Shirika lisilo la faida, DNDi, liliifufua dawa hiyo likishirikiana na kampuni ya Sanofi, na kwa aina kali ya ugonjwa ilijaribiwa Lwala hapa Uganda na Rumphi, Malawi. Kwa magonjwa ya watu maskini, naamini hiyo ndiyo njia: fedha za umma zitangulie, na masharti ya bei yakubaliwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kupewa kidonge.

Kuna jambo la haraka zaidi. Nchi zenye maendeleo duni, Uganda ikiwemo, zimeruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolinda hataza za dawa, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitengeneze dawa yake, hadi mwaka 2033. Mikataba ya biashara inaweza kutunyang'anya nafasi hiyo mapema, kwa hiyo vipengele vya hataza visomwe na wafamasia kabla ya serikali kutia saini.