Pua si "chuma kisichoshika kutu"

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimemsikia mtu akimwambia fundi, "Hiki si chuma cha pua, huoni kinashika kutu?" Mkononi alikuwa na kisu cha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Kilikuwa kimekutana na jiwe lililojificha kwenye matete, kikapata pengo la upana wa ukucha. Fundi akaafiki. Akachukua rodi zile zile anazochomelea mageti, akajaza pengo, akapitisha grenda, akakirudisha kinang'aa. Kesho yake kisu kilikatika, tena si pale alipochomelea. Kilikatika pembeni, milimita chache kutoka kwenye weldi.

Pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Kitaalamu hata chuma cha geti ni pua, ila kaboni yake haifiki asilimia 0.3. Kisu huhitaji 0.6 hivi, pengine hata 1, ndipo kikipashwa moto na kuchovywa kipoe ghafla kinakuwa kigumu cha kushika makali. Hakuna habari ya kutu hapo. Pua ya kisu huota kutu ukiiacha kwenye unyevu usiku mmoja.

Kisichoshika kutu kirahisi ni chuma chenye kromi, angalau asilimia 10.5. Harry Brearley alikitengeneza kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Neno pua lilikuwepo pwani kabla ya hapo, pamoja na mwenzake feleji, ambalo bado tunalisikia kwenye "upanga wa feleji". Hao waliotaja pua hawakuwa wakiwaza masinki ya jikoni. Walikuwa wakitenganisha chuma kinachokubali makali na chuma kinachopinda. Na huku kwetu si neno tu lililokuwepo. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kuhusu tanuri za Wahaya, kule Kagera, zilizotoa chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo waliijenga tanuri upya wakaonyesha inavyofanyika. Ndiyo maana naumia neno hili likigeuzwa kuwa jina la vijiko vinavyong'aa.

Nalo kosa hili linavunja visu. Anayeamini kuwa kisu chenye kutu ni "chuma cha kawaida" atakichomelea kama chuma cha kawaida. Pale rodi inapogusa, chuma cha jirani hupanda zaidi ya nyuzi 800, kisha mwili wa kisu, ambao bado ni wa baridi, unaufyonza moto ule ghafla. Ni sawa na kukichovya majini. Unapatikana mstari mgumu unaovunjika kama kioo, na nyuma yake mstari mwingine uliolegea kwa kupashwa kupita kiasi. Rodi ikiwa na unyevu, haidrojeni huingia humo na ufa unaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, mwenye kisu akiwa ameshafika nyumbani.

Kuchomelea kunawezekana. Kisu hupashwa kwanza kizima hadi nyuzi 300 hivi, hutumika rodi za haidrojeni kidogo zilizokaushwa vizuri, kisha kisu hufukiwa kwenye majivu makavu kipoe polepole. Hata hivyo makali hayatakuwa yale ya kiwandani. Pengo dogo halihitaji moto kabisa: ukingo wote unolewe mpaka pengo liishe, maji yakimwagwa mara kwa mara ili chuma kisigeuke bluu na kulegea. Kisu mwenzake kipunguzwe kiasi hicho hicho, maana gurudumu likizunguka na visu vyenye uzito tofauti, mashine nzima hutetemeka.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi kisu, usitazame kutu. Mwombe akiguse kidogo kwenye grenda, mahali pasipokata, mtazame cheche pamoja. Za chuma cha geti huruka ndefu, zimenyooka, zikazimika. Zikipasuka njiani kama vinyota vingi vidogo, hiyo ndiyo pua ya kisu. Na ile ya sinki tuiite tu chuma kisichoshika kutu, jina linalojieleza lenyewe.