Ukuta ni wako, macho si yako: dhana potofu kuhusu mabango ya nje

Mtu akishalipia bango lake, huwa amepiga hesabu zote: herufi, rangi, taa, chuma, ujira wa fundi. Barua inayomtaka alishushe ikifika humkuta ameduwaa, maana katika hesabu zile halmashauri haikuwemo. Migogoro mingi ya aina hii hutokana na imani chache ambazo wenye maduka na wenye nyumba hupokezana bila kuzichunguza, na karibu zote zina mzizi mmoja. Tunadhani sheria ya mabango inauliza bango limetundikwa kwenye mali ya nani. Inachouliza ni nani atakayeliona.

“Ukuta ni wangu, natundika nipendacho”

Ukuta ni wako, hakuna anayebisha. Lakini bango hukuliweka ulisome wewe. Umelilenga kwa mpita njia, dereva na jirani wa ng'ambo, na hao wote hulitazama wakiwa mahali pa umma. Hapo ndipo mamlaka za mji huingia na masharti yao: ukubwa, kimo kutoka ardhini, umbali kutoka barabarani, mwanga, na uimara wa vyuma vinavyolishikilia lisije likamwangukia mtu.

Uingereza wamelifikisha jambo hili mbali kuliko wengi wanavyodhani. Kutundika tangazo bila idhini inayotakiwa huko ni kosa la jinai. Kanuni zao za mwaka 2007 zinalifuata tangazo mpaka ndani ya jengo: likiwekwa ndani ya mita 1 kutoka dirishani au mlangoni, na likaonekana kutoka nje, linatoka kwenye kundi la matangazo ya ndani yaliyoachwa huru. Kwa hiyo ujanja wa kuliingiza bango ndani na kuligeuza litazame nje haumsaidii mtu sana.

“Leseni ya biashara ninayo”

Leseni inakuruhusu kuuza. Haisemi lolote kuhusu ubao wa mita tatu juu ya paa. Kibali cha bango ni karatasi nyingine, na mara nyingi nyuma yake kuna ofisi zaidi ya moja. Watu wa mipango miji huangalia ukubwa na mahali. Watu wa majengo huangalia nguzo, msingi na nguvu ya upepo, kwani ubao mpana ukipigwa na upepo huvuta ukuta kama tanga linavyovuta mlingoti. Kama kuna taa, atatakiwa fundi umeme anayetambulika.

Halafu kuna barabara. Ile ardhi kati ya lami na uzio, ambayo mwenye nyumba ameifyeka na kuipanda maua miaka yote, kwa kawaida ni hifadhi ya barabara, na nguzo ya bango ikichimbiwa pale inakuwa imeingia kwenye ardhi ya mwenye barabara. Kwenye kona mambo huwa makali zaidi, kwa sababu dereva anayetokea barabara ya pembeni anahitaji kuona gari linalokuja kabla hajaingia. Ubao wa kimo cha mtu unatosha kumficha mwendesha baiskeli.

Mpangaji naye asimsahau mwenye nyumba. Kati ya masharti ambayo kila tangazo la Uingereza lazima lifuate, hata lile lisilohitaji kuombewa, limo hili: mwenye eneo awe ameridhia. Kibali cha mji hakikupi haki ya kutoboa ukuta wa mtu.

“Sheria ni moja nchi nzima”

Siyo, na hili husumbua hasa wanaofungua tawi katika mji mwingine wakiwa na mchoro uleule wa bango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka matangazo ya nje katika kazi za serikali za kaunti. Marekani kila mji una kitabu chake, na juu yake kuna sheria ya jimbo. Hata ndani ya mji mmoja, mtaa wa makazi, barabara ya biashara na eneo la majengo ya kale huwa na vipimo tofauti. Swali la maana kuuliza ofisini si “bango linaruhusiwa kuwa kubwa kiasi gani?” bali “kiwanja changu kiko kwenye eneo la aina gani?” Majibu mengine yote yanatokana na hilo.

“Halmashauri inakagua maneno”

Hapa ukweli una pande mbili, na inafaa tukae kidogo.

Kwa kawaida sheria nzuri ya mabango haijali umeandika nini. Inajali ukubwa, mahali, mwanga na muda. Marekani suala hili limefika Mahakama ya Juu mara kadhaa. Mama mmoja wa Ladue, Missouri, aitwaye Margaret Gilleo, aliweka kwenye dirisha la ghorofani karatasi ya ukubwa wa barua ya kawaida yenye maneno ya kutaka amani katika Ghuba ya Uajemi. Mji ulikuwa umepiga marufuku karibu kila bango la nyumbani. Mwaka 1994 majaji wote wa mahakama hiyo walikubaliana kwamba mji hauwezi kumfungia mtu njia hiyo ya kusema neno lake akiwa nyumbani kwake.

Miaka 21 baadaye ikaja kesi ya mji wa Gilbert, Arizona. Kanisa dogo lisilo na jengo lake lilikuwa linahamisha ibada, hivyo kila mwisho wa juma likasimamisha vibao vya kuelekeza waumini. Kitabu cha sheria cha Gilbert kilikuwa kimegawa mabango kwa maudhui. Bango la itikadi liliruhusiwa kufika futi za mraba 20 bila kikomo cha muda. La siasa lingeweza kufika futi 32 katika baadhi ya maeneo. Kibao cha kuelekeza watu kwenye tukio kilibanwa futi 6, kisisimame zaidi ya saa 12 kabla ya tukio na saa 1 baada yake. Ebu fikiria ibada ya saa tatu asubuhi: kibao kinaruhusiwa kusimama kuanzia saa tatu usiku wa kuamkia siku hiyo, gizani, watu wakiwa wamelala. Mwaka 2015 majaji wote tisa waliamua kwamba mji umekosea. Kama kanuni inayokibana kibao inategemea kabisa ujumbe wake, basi sheria inapima maneno.

Wengi walitoka na tafsiri kwamba miji imefungwa mikono. Sivyo. Hukumu hiyohiyo ilitaja mambo ambayo mji bado unaweza kuyasimamia: ukubwa, vifaa vilivyotumika, taa, sehemu zinazocheza, uhamishikaji wa bango. Na mwaka 2022, katika kesi ya Austin, Texas, mahakama hiyo haikuona kosa kutenganisha bango linalotangaza shughuli ya pale pale lilipo na lile linalotangaza kitu kilichoko kwingine. Tofauti hiyo ni mahali, na kwa maoni yangu ndiyo tofauti muhimu kuliko zote katika fani hii. Mwenye duka la viatu akikodisha ukuta wake kwa kampuni ya soda, amehama kutoka kundi moja hadi jingine, hata kama ukuta haujaongezeka inchi.

Upande wa pili: kuna mahali maneno yenyewe ndiyo yanayosimamiwa, waziwazi. Quebec, nchini Kanada, tangu mwaka 1977 ina sheria inayolinda Kifaransa kwenye mabango ya biashara. Masharti yamebadilika mara kadhaa, na tangu tarehe 1 Juni 2025 duka lenye jina la Kiingereza linaloonekana kutoka nje linatakiwa kuambatanisha maandishi ya Kifaransa yanayochukua nafasi kubwa zaidi, kiasi cha theluthi mbili. Usichukue hukumu ya Marekani ukaipeleka kila mahali.

“Ni la muda tu, halihesabiki”

La muda huwa na kanuni zake, tena za kubana. Kibao cha “nyumba inauzwa” Uingereza hakihitaji kuombewa idhini iwapo eneo lake halizidi nusu mita ya mraba, kiko kimoja tu, na kinaondolewa ndani ya siku 14 baada ya mauzo kukamilika. Bango la tamasha au mnada wa hisani lisilozidi mita za mraba 0.6 linaweza kuwekwa siku 28 kabla, na liondoke ndani ya siku 14 baada ya shughuli kwisha. Wanaonaswa kwa kawaida si wale walioweka bango mapema. Ni wale waliolisahau.

“Nimepima mwenyewe, halizidi”

Umepima nini? Herufi moja moja zikibandikwa ukutani bila ubao nyuma yake, sehemu nyingi hazijumlishi rangi ya herufi. Huchora mstatili wa kufikirika unaozunguka maandishi yote na kupima huo. Tuseme jina la duka lina urefu wa mita 4 na kimo cha mita 0.6. Hizo ni mita za mraba 2.4. Sasa msanifu anaongeza nembo juu ya herufi ya mwisho, jogoo mdogo mzuri, anayechomoza mita 0.9. Jogoo mwenyewe hafiki hata mita moja ya mraba, lakini mstatili sasa ni 4 kwa 1.5, yaani mita za mraba 6. Kama kikomo ni 4, jogoo ndiye aliyekuponza. Baadhi ya miji huruhusu kupima maumbo mawili mbalimbali, mingine hairuhusu; uliza kabla fundi hajakata chuma.

Michoro ya ukutani ina mtego wake pia. Mchoro wa mto na ndege mara nyingi huhesabiwa sanaa. Mchoro wa mto na ndege wenye chupa ya kinywaji unachokiuza mdomoni mwa ndege huhesabiwa bango.

“Skrini ni bango kama mengine”

Siyo, na wahusika wa barabara huziogopa kwa sababu nzuri: kitu kinachobadilika hunyang'anya jicho la dereva. Mwaka 2007 mamlaka ya barabara kuu ya serikali kuu ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba tangazo la skrini kandokando ya barabara hizo likae kati ya sekunde 4 na 10 kabla ya kubadilika, huku sekunde 8 zikipendekezwa. Miji mingi pia hudai skrini ijipunguze mwanga yenyewe giza linapoingia, na kumetameta hakutakiwi kabisa.

“Sikubandika mimi”

Utetezi huu hupendwa na waandaaji wa matamasha. Nguzo nzima ya mji imejaa mabango ya shughuli yake, naye anasema ni vijana tu. Sheria ya mipango ya Uingereza ya mwaka 1990 inamhesabu mwenye ardhi, na pia yule ambaye bidhaa au shughuli yake inatangazwa, kuwa ndio wametundika. Anaweza kujitetea kwamba hakujua au kwamba alichukua kila hatua ya kuzuia, lakini hapo ni yeye anayehangaika kujieleza, siyo ofisa.

“Sheria hizi zinaua biashara”

Mfano mkubwa ni São Paulo, Brazil. Sheria ya Cidade Limpa, yaani Mji Safi, ilipitishwa mwaka 2006 chini ya meya Gilberto Kassab na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2007. Mabango makubwa ya kukodisha yalipigwa marufuku mji mzima, na maelfu yakashushwa. Duka lenye uso mwembamba kuliko mita 10 liliachiwa mita za mraba 1.5 za jina lake. Lenye uso wa mita 10 hadi 100, mita za mraba 4. Kampuni za matangazo zilipata hasara ya kweli, na si haki kulificha hilo. Lakini maduka hayakufungwa kwa kukosa mabango. Yalipaka kuta rangi, yakapamba madirisha, na mshindani wa jirani naye alikuwa na kibao kidogo vilevile. Chema chajiuza. Baadaye mji uliruhusu matangazo kiasi kwenye vituo vya mabasi na saa za mitaani, kwa mkataba na chini ya usimamizi wake.

Jimbo la Vermont, Marekani, lilipiga marufuku mabango makubwa ya barabarani mwaka 1968, na badala yake likaweka vibao vidogo vya kuelekeza, vya umbo moja, ambavyo biashara huomba nafasi. Maine, Hawaii na Alaska nazo hazina mabango hayo.

“Jirani analo, tena la miaka mingi”

Huenda la jirani liliwekwa kabla ya kanuni mpya, likaachwa liendelee. Ruhusa ya namna hiyo haihamii kwako, na hata kwake ni dhaifu: akilikuza, akilisogeza, au likiharibiwa vibaya na dhoruba, mara nyingi huambiwa ajenge upya kwa vipimo vya sasa. Huenda pia halina kibali kabisa, ila hakuna aliyelalamika. Ofisi nyingi hazina watu wa kuzunguka mitaani. Husubiri malalamiko, na mlalamikaji mara nyingi ni mtu aliyeshushiwa bango lake.

Hata aliye na kibali mkononi atazame tarehe. Uingereza idhini iliyoombwa kwa kawaida ni ya miaka 5. Ikiisha, bango linaweza kuendelea kuwepo, lakini mamlaka ya mji inaweza kulitolea amri ya kuliondoa, na mwenye nalo akabaki na njia ya kukata rufaa. Kwingine kuna ada ya kila mwaka, na risiti ya mwaka jana haimshibishi mkaguzi wa mwaka huu.