Kufunga si kunyimwa maji

"Mtoto anayekwenda kupimwa utumbo kwa kamera asiguse hata maji tangu jana yake." Kauli hii huzunguka Kampala miaka nenda miaka rudi, na ni kosa. Dawa ya kusafisha tumbo huharisha sana. Akinyimwa vinywaji, mwili hukauka kabla hajafika hospitali. Anachoacha ni chakula, maziwa na uji, bushera ikiwemo. Maji au chai nyepesi isiyo na maziwa ruksa, kwa kawaida mpaka zibaki saa 2 kabla ya dawa ya usingizi. Maziwa ya mama kwa anayenyonya, mwisho zikibaki saa 4. Ratiba ya wodi ndiyo ifuatwe. Vinywaji vyekundu hapana, hata sharubati ya rozela: ndani ya utumbo daktari aweza kuvidhania damu.