Jordan, LeBron au Russell? Hesabu kwanza, jina baadaye

Ubishi juu ya mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa nyakati zote hukwama palepale kila mara. Mmoja anapima kilele, mwingine anapima miaka ya kudumu uwanjani, wa tatu anahesabu mataji, na wote watatu wanadhani wanajibu swali moja. Kubalianeni mizani kabla ya kutaja jina lolote. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa kilele namchagua Michael Jordan, kwa kazi nzima namchagua LeBron James.

Hoja ya mataji ndiyo inayotumika vibaya zaidi. Kama mataji pekee yangetosha, mjadala ungefungwa na Bill Russell, aliyetwaa 11 katika misimu 13 akiwa na Boston Celtics, kuanzia 1957 hadi 1969. Na Robert Horry, mchezaji wa kusaidia tu mwenye 7, angemzidi Jordan mwenye 6. Isitoshe, njia ya kufikia taji haikuwa na urefu uleule. Mwaka 1957 NBA, ligi kuu ya Marekani, ilikuwa na timu 8, na Boston walihitaji kushinda mechi 7 tu za mtoano. Jordan alihitaji 15, LeBron 16. Hilo halimshushi Russell kiasi watu wanavyodhani, kwa sababu vipaji vyote vilikuwa vimebanana katika timu chache, na Wilt Chamberlain, mpinzani wake mkubwa, alikuwa akikutana naye mara kwa mara. Anayesema Russell hana hata tuzo moja ya MVP (mchezaji bora) wa fainali ajue kwamba tuzo hiyo ilianza 1969, msimu wake wa mwisho.

Kuna pia ile kauli kwamba Jordan hajawahi kupoteza fainali, ilhali LeBron ameshinda 4 kati ya 10. Itazame vizuri. Jordan alitolewa raundi ya kwanza 1985, 1986 na 1987, kisha Detroit Pistons wakamtoa mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Kauli hiyo inamhesabia LeBron kosa kwa kufika fainali na kushindwa, na haimhesabii Jordan chochote kwa kutolewa mapema zaidi. Mimi siikubali.

Sasa takwimu za zama tofauti, ambako ndiko makosa makubwa hufanyika. Msimu wa 1961–62 Wilt alikuwa na wastani wa pointi 50.4 na rebaundi 25.7, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa. Alicheza dakika 48.5 kwa mechi, na mechi ina dakika 48. Nusu dakika hiyo ilitokana na muda wa nyongeza. Mchezo ulikuwa wa mbio, mitupo ilikuwa mingi na mingi ilikosa, kwa hiyo kila timu ilipata rebaundi takriban 70 kwa mechi. Siku hizi ni kama 44. Gawa 25.7 kwa 70, zidisha kwa 44, unapata kama 16. Bado ni mtu wa kutisha, ila si kiumbe wa sayari nyingine.

Kwa pointi, usiishie kwenye wastani. Pima zimegharimu mitupo mingapi. Chukua mitupo ya kawaida, ongeza mitupo huru (ile ya adhabu baada ya faulo) iliyozidishwa kwa 0.44, zidisha jumla kwa 2, kisha gawa pointi kwa jibu hilo. Hiyo 0.44 ipo kwa sababu si kila jozi ya mitupo huru inakula shambulizi zima: mingine ni ya nyongeza baada ya kikapu kuingia, mingine ni ya faulo za kiufundi. Wilt msimu ule alitupa mara 39.5 na mitupo huru 17: anapata takriban asilimia 53.6. Jordan msimu wa 1987–88, pointi 35 kwa mitupo 24.4 na mitupo huru 10.5, anapata kama asilimia 60.3. Wengi huishia hapo na kutangaza mshindi. Lakini wastani wa ligi ulikuwa takriban 48 wakati wa Wilt na 54 wakati wa Jordan, kwa hiyo kila mmoja aliwazidi wenzake kwa karibu kiasi kilekile, asilimia 6. Kinachonivuta kwa Jordan ni kwamba msimu huohuo aliongoza ligi kwa pointi, akawa MVP, na akawa mlinzi bora wa mwaka.

Msikubali kulinganisha mitupo iliyozuiwa au mipira iliyopokonywa na watu wa zamani. NBA ilianza kurekodi vitu hivyo msimu wa 1973–74. Russell na Wilt walikuwa wameshastaafu, kwa hiyo sifuri yao ni ya karatasi tu. Mstari wa pointi 3 nao ulikuja 1979.

Kwa upande wa kudumu, LeBron alimpita Kareem Abdul-Jabbar mwenye pointi 38,387 mnamo Februari 2023, na mwaka uliofuata akavuka 40,000. Kumbuka tu kwamba aliingia ligi akiwa na miaka 18 moja kwa moja kutoka sekondari. Kareem alipitia chuo kwanza, akaanza na miaka 22. Hata hivyo fainali za 2016 zinanitosha: Cleveland, timu yake, walikuwa nyuma kwa mechi 3–1 dhidi ya Golden State iliyoshinda mechi 73 msimu ule, wakapindua, na LeBron akaongoza wachezaji wa timu zote mbili kwa pointi, rebaundi, asisti (pasi zinazozaa kikapu), kuzuia mitupo na kupokonya mipira.

Kareem ndiye anayeonewa zaidi katika mjadala huu. Ana mataji 6 kama Jordan, na ana tuzo 6 za MVP, nyingi kuliko mtu yeyote. Zote sita alipewa kwa kura za wachezaji waliokuwa wakikabiliana naye uwanjani, kwa kuwa waandishi wa habari walianza kupiga kura hizo msimu wa 1980–81.