Vijiji vya karafuu vya Maluku: yanayosemwa na yaliyopo

Mkarafuu wa Pemba una ukoo wake Maluku, visiwa vya mashariki ya Indonesia. Wafaransa walitoa miche huko mwaka 1770 wakaiotesha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Mpemba akiteremka leo kisiwa cha Saparua au pwani ya kisiwa cha Seram wakati wa mavuno, ataitambua harufu ya uani kabla hajaelewa neno moja la wenyeji. Lakini mengi yanayosimuliwa kuhusu vijiji hivyo si kweli, na mengine ni nusu ya ukweli, ambayo ni mbaya zaidi.

"Serikali imewasahau, fedha hazifiki"

Fedha zinafika. Sheria namba 6 ya mwaka 2014 ilivipa vijiji madaraka ya kupanga bajeti yao, na tangu 2015 hazina kuu hupeleka fungu liitwalo Dana Desa. Mwaka 2019 fungu hilo lilikuwa rupia trilioni 70 kwa vijiji karibu 75,000, yaani wastani wa zaidi ya rupia milioni 900 kwa kijiji.

Kinachokwamisha ni safari ya saruji. Mfuko hununuliwa Ambon, mji mkuu wa mkoa, hupakiwa kwenye lori hadi bandari ya Tulehu, huingia botini, na mahali pasipo na gati hushushwa ufukweni na kubebwa mabegani. Kila mkono unaougusa hulipwa. Ukipigwa na maji ya chumvi au ukilala siku nyingi kwenye unyevu, unaganda. Barabara iliyopangiwa mita 500 huishia 300, na anayeiona hudhani fedha zimeliwa. Wakati mwingine zimeliwa kweli, lakini kabla ya kumshika mtu shati, hesabu kwanza nauli.

Tena fedha hutoka kwa awamu. Ripoti ya awamu ya kwanza ikichelewa, ya pili huchelewa nayo, na hapo bahari huwa imeshachafuka.

Kuna na mkwamo wa aina nyingine. Maluku ya kati, vijiji vya asili huitwa negeri na mkuu wake ni raja, anayetoka katika ukoo maalumu wenye haki ya kutawala. Ndugu wa ukoo wakigombania kiti, kijiji hukaa miaka chini ya kaimu aliyeteuliwa na wilaya. Kaimu huendesha ofisi, ila mambo ya ardhi na mila hayamwelekei.

"Mvua ya Indonesia ni Desemba hadi Februari"

Hiyo ni ya Jakarta, kisiwani Java. Ambon na Seram ya kusini mvua kubwa hunyesha Juni na Julai, kwa upepo wa kusini-mashariki, msimu uleule ambao pwani ya Afrika Mashariki huvumiwa na kusi. Anayepanga mradi kwa kalenda ya Java hupeleka mabati wakati boti zimefungwa.

"Wenye karafuu ni matajiri"

Mti huu huzaa kwa kusuasua: mwaka mmoja matawi yanainama, halafu miaka miwili au mitatu unapata kiasi cha kupoza koo. Wakulima hulipa madeni ya miaka mibaya kwa mwaka mzuri, na hapo ndipo nyumba zinapoezekwa na harusi kufanyika.

Uchumaji ni kazi ya siku chache. Kishada huchumwa vichwa vikigeuka kutoka kijani kuwa vyekundu kidogo, kabla ua halijafunguka. Likishafunguka, thamani imeanguka. Huchambuliwa siku ileile, makonyo kando, karafuu kando, kisha huanikwa siku nne hadi sita juu ya majamvi au maturubai na kugeuzwa mara kwa mara. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Kosa linaloharibu mali nyingi kuliko yote ni kuzirundika mbichi usiku kucha kwa sababu ya mvua: zinapata joto, zinachacha, na zikikauka huwa nyeupe na zilizosinyaa. Mkulima wa Pemba anaijua mpeta hiyo. Wingu likitanda, zitandaze chini ya paa kwa unene mdogo, hata kama ni kwenye sakafu ya chumba cha kulala.

Bei nayo haiamuliwi na wapishi wa dunia. Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa wa karafuu, na sehemu kubwa huishia kwenye kreteki, sigara za tumbaku iliyochanganywa na karafuu, viwandani Java. Katika miaka ya 1990 ununuzi wote ulishikwa na shirika moja la ukiritimba, BPPC, lililoongozwa na mtoto wa Rais Suharto. Bei ya mkulima ilididimia, na mashamba mengi yakaachwa yakaota pori. Mikarafuu huchukua miaka mitano au zaidi kuanza kuzaa, kwa hiyo jeraha kama hilo haliponi kwa msimu mmoja.

"Anayekula sago ana njaa"

Dhana hii inaumiza, maana imewafanya watu wakionee haya chakula chao. Sago ni wanga unaotolewa ndani ya shina la msago, mti wa jamii ya mitende. Msago hukatwa karibu na kutoa ua, kwa sababu ua likishatoka linanyonya wanga wote. Shina hupasuliwa, moyo wake hupondwa, husuguliwa kwa maji juu ya chujio, na wanga hutuama chini. Mti mmoja uliokomaa hutoa kilo 150 hadi 300 za wanga mbichi. Huhifadhiwa na unyevu wake ndani ya vikapu vya majani. Ukiachwa ukauke nusunusu huingia ukungu.

Papeda, uji mzito wa sago, hupikwa hivi: wanga huvurugwa kwa maji baridi na ndimu, kisha humwagiwa maji yanayotokota kwa mkupuo huku ukikoroga kwa nguvu, mpaka weupe wa maziwa ugeuke kuwa wa kioo. Maji yakiwa ya moto tu, bila kutokota, utabaki na tope jeupe lisiloshika. Sago karibu haina protini, ndiyo maana haiendi mezani bila samaki wa mchuzi wa manjano.

Mchele wa ruzuku ulipoenea baada ya msukosuko wa uchumi wa 1998, wengi waliuona ndio chakula cha heshima. Lakini meli isipofika, mchele wa dukani huisha, na msago bado umesimama nyuma ya nyumba.

"Bahari ni ya yeyote"

Iko chini ya sasi: eneo au zao hufungwa kwa alama ya makuti, na walinzi wa kijiji, kewang, humtoza faini anayevunja. Hufungwa jongoo bahari, konokono wa lola, hata nazi. Kijiji cha Haruku kilipata tuzo ya taifa ya mazingira, Kalpataru, mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Wavuvi wa Pemba wanaofunga miamba ya pweza wataelewa mara moja. Sasi huharibika pale inapofunguliwa mapema kwa sababu kijiji kina haja ya fedha: lola wanaotolewa wakiwa wadogo hawajazaa.

"Vijana wanakimbia kazi"

Wanafuata shule. Ya msingi ipo kijijini, sekondari ya juu mara nyingi iko mjini, kwa hiyo mtoto wa miaka 15 huenda kukaa kwa jamaa Masohi au Ambon na mchele wake begani. Akimaliza, kurudi kunahitaji kipato kisichongoja mwaka wa karafuu.

Kisiwa cha Buru na Seram magharibi kuna kipato hicho: mafuta ya kayu putih, mti wa jamaa ya mkaratusi. Majani hukatwa na kuota tena, kwa hiyo huvunwa mara nyingi. Hupangwa kwenye pipa juu ya maji yanayochemka, na mvuke hupita kwenye bomba lililozamishwa maji baridi. Kilo mia za majani hutoa kama kilo moja ya mafuta, wakati mwingine chini yake. Ukishindilia majani, mvuke hutafuta upenyo mmoja na mengine hubaki na mafuta yake. Maji yakikauka chini ya pipa, mafuta hunuka moshi na mnunuzi huyakataa. Majani yaliyokwisha kukamuliwa yakianikwa, huwa kuni za pipa linalofuata.